Kichwa Hakitoki bila Fundi Wake

Nje ya lango la mtaa wetu hapa Komarock, Nairobi, kuna fundi wa nguo ambaye kila Jumatatu asubuhi huinamisha cherehani yake na kuitia mafuta. Mimi huwa napita na haraka zangu, mkoba begani, na ile harufu inanishika mkono. Ni harufu nyembamba, tamu kidogo, ya mafuta mepesi yaliyogusa chuma chenye joto. Nikiisikia tu, Komarock inaondoka. Najikuta nimelala kifudifudi kwenye sakafu nyekundu ya nyumba yetu ya Jericho, shavu kwenye simenti baridi iliyopigwa polishi, jicho moja nimelifumba, na mbele ya jicho la pili kunakuja treni.

Ukisimama, treni yenyewe ilikuwa ndogo kuliko mkate. Lakini ukilala chini na kufumba jicho moja ilikuwa treni kweli, yenye uzito wake na safari zake. Nawaambia hilo mapema kwa sababu baba yangu alilikataa kwa zaidi ya miaka ishirini.

Tulikuwa watatu katika nyumba ile ya kanjo, yaani ya halmashauri ya jiji: Baba, Mama na mimi, Nekesa, niliyezaliwa kwetu magharibi wakati wa mavuno na kuletwa Nairobi nikiwa bado mgongoni. Kulikuwa na chumba cha kulala, sebule iliyogawanywa kwa pazia, na kando ya dirisha cherehani ya Mama. Mama alishona sare za shule na kuziuza katika soko la Jericho. Cherehani yake ililia tangu nipate akili: krr, krr, tak. Nilidhani cherehani zote duniani hulia hivyo.

Baba alikuwa fundi wa vichwa vya treni. Si dereva, ukimwita dereva alinuna. Dereva, alisema, ni mtu wa kuketi ndani ya kitu kilichotengenezwa na wenzake. Alifanya kazi katika karakana moja kubwa upande wa Industrial Area, na jioni akirudi pua zetu zilimpokea kabla ya masikio: grisi, moshi wa kuchomelea vyuma, na sabuni ya unga aliyojisugulia mikono bila mafanikio yoyote. Karakana yao ilikuwa na desturi ambayo Baba aliitaja kwa heshima ya Amri Kumi. Kichwa kikishafungwa, kabla hakijakabidhiwa dereva, fundi aliyekifunga hupanda na kusimama ndani kikijaribiwa kwenye reli ya uani. Kama umeacha nati imelegea, wa kwanza kuumia ni wewe. Kichwa hakitoki bila fundi wake, ndivyo walivyosema, na hakuna aliyekwepa.

Niliwahi kumwona. Siku moja Mama alinichukua tumpelekee ufunguo aliosahau, tukasimama nje ya ua wa nyaya, na mara kikatokea kichwa kikubwa kikinguruma polepole hadi ardhi ikanitetemesha nyayo. Mlangoni amesimama baba yangu, wima, ndani ya ovaroli ya buluu, mkono mmoja ameshika bomba, wa pili anatupungia. Nilikuwa na miaka sita au saba. Sijawahi kumwona mtu mrefu kama alivyokuwa baba yangu siku ile, na mpaka leo sijamwona.

Nilipofika miaka tisa karakana ilipunguza watu, na Baba akawa mmoja wao. Alirudi na sanduku lake la vifaa, akalisukuma chini ya kitanda, na kesho yake akaketi kwenye kiti kinachotazama mlango. Akakaa. Hakuwa mlevi, hakuwa mkali, hakumpigia mtu kelele. Alikaa tu, viganja juu ya magoti, na mikono ile ikaanza kuwa safi. Hilo ndilo lililonitia hofu. Kila siku weusi ulizidi kutoka kwenye kucha zake, hadi nikaona kwa mara ya kwanza kwamba viganja vya baba yangu vina rangi kama ya vyangu. Majirani walimwambia kuna vibarua huku na huku, si atoke ajaribu bahati. Alijibu kwamba ataona. Kumbe alichokuwa akikiona ni mlango tu.

Jumamosi moja Mama akarudi kutoka sokoni na boksi lililofungwa kwa kamba. Akasema ameninunulia mimi. Jamani, mtoto wa kike wa Jericho kununuliwa treni! Wambui, rafiki yangu wa nyumba ya pili, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko umri wake, aliuliza kama wanasesere walikuwa wamekwisha sokoni.

Boksi lilitoka kwenye marobota ya mitumba ya ng'ambo. Juu yake palikuwa na picha ya mtoto mweupe anayecheka, na maandishi yaliyosema kwamba hii ni treni ya mtu anayeanza. Ndani mlikuwa na vipande vya reli vya kuunganisha viwe duara, mabehewa mawili, kisanduku cha betri chenye kitufe, na kichwa kimoja cha plastiki ya kijani, chenye bomba la moshi na magurudumu manne. Hata mimi niliona kwamba ni cha bei rahisi. Vishikio vya mkono havikuwa vishikio bali mistari iliyovimba kwenye plastiki, na dirisha moja halikuwa na kioo. Tulipounganisha kila kitu na kubonyeza kitufe, kichwa hakikutikisika hata kidogo.

Mama akasema, "Aa, kumbe," akarudi zake kwenye cherehani. Krr, krr, tak. Hakuonekana kusikitika, na nilimlaumu moyoni. Mtu gani ananunua kitu bila kukijaribu?

Baba alivumilia hadi baada ya chai ya saa kumi. Kisha nikasikia sauti niliyokuwa nimeisahau, sauti ya sanduku la vifaa likiburutwa kutoka chini ya kitanda.

Alitandaza gazeti sakafuni, akakipindua kichwa, akakifungua kwa bisibisi ya fundi saa. Mimi nilikaa karibu naye nikishika skrubu kwenye kiganja, nimeambiwa nisipumue. Kwenye ekseli alitoa unywele mrefu wa rangi ya ndevu za mahindi, uliojizungusha humo tangu huko ng'ambo. Aliisugua injini ile ndogo kwa kitambaa, akanyoosha kisahani cha shaba kilichopinda, kisha akatafuta mafuta. Mafuta nyumbani yalikuwa ya cherehani tu. Alitia tone moja kwa ncha ya sindano, na sebule nzima ikanukia. Alipoenda kumrudishia Mama chupa yake alisimama hapo kidogo, kichwa kimeinama, akisikiliza.

"Hii inalia hivi tangu lini?" akauliza.

Mama akamwambia tangu waoane. Basi na cherehani ikafunguliwa, juu ya gazeti hilohilo, na ilipofungwa tena haikulia. Jioni ile Mama alishona akiangalia mguu wake kila mara, kama asiyeamini kwamba ndio unaoendesha.

Asubuhi yake, Jumapili, tuliporudi kanisani Baba alikiinua kile kichwa, akagusisha nyaya za betri, na magurudumu yakazunguka hewani yakiimba zzz. Niliruka. Nilikuwa nimeshaunganisha reli tangu alfajiri. Lakini nilipomwomba akiweke chini, Baba akaniuliza, kwa uso mkavu kabisa, nani amekitengeneza. Nikamwambia ni yeye. Akaniuliza basi kitatokaje uani kabla hajapanda.

Alikuwa anacheza, naelewa sasa. Ulikuwa mchezo wa kwanza kutoka kwake tangu apunguzwe, na ndiyo sababu niliushika kwa mikono miwili. Tukakubaliana kwamba atajichonga, mtu mdogo wa mti, asimame ndani, ndipo kichwa kitoke. Na kwa kuwa Baba hakujua kufanya kitu kwa kukisia, ilibidi kwanza apime.

Katika karakana walifundishwa kwamba vipimo vyote huanzia kwenye reli. Urefu wa ndoano, kimo cha mlango, chochote kile, unaanza na reli kwenda juu. Reli haidanganyi, Baba alikuwa akisema, hata kuhusu mambo yasiyohusu treni. Nikichelewa kutoka shule nikaleta hadithi ndefu, aliniambia turudi kwenye reli. Akatoa vania yake, kile chuma cha kupimia chenye taya mbili, alichokuwa akikifunga ndani ya soksi safi, akapima upana kutoka reli hadi reli. Milimita kumi na sita na nusu. Reli ya kweli, ile iliyolishwa na jasho lake miaka yote, ilikuwa na upana wa mita moja kamili. Akagawanya pembeni mwa gazeti. Treni yetu ilikuwa moja kwa sitini ya treni kamili.

Kutoka hapo mambo yakaanza kuharibika. Alipima mlango, akazidisha mara sitini, akacheka bila furaha: mlango wa mita moja na robo, dereva atapita akitambaa. Alipima upana wa kichwa, akasema hiki ni kabati. Alipima ule ukingo wa gurudumu unaoshikilia reli, akakuta ni sentimita saba, na hapo akakasirika kweli, kwa sababu kwenye karakana mtu wa kuacha ukingo wa sentimita saba angetolewa nje na vifaa vyake. Bomba la moshi nene, ngazi haiko, vishikio vya kuchorwa. Kila alipotaja kosa nilimwangalia Mama. Alikuwa anashona, hasemi kitu.

Hata hivyo alijichonga, maana ahadi ni deni. Alikata mpini wa mwiko uliovunjika, na kwa siku mbili akawa anakwangua kwa wembe, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Alikuwa na futi tano na inchi kumi. Gawanya kwa sitini, ni karibu sentimita tatu. Akachonga kofia, akachonga mabega yake yenyewe, lile la kushoto likiwa chini kidogo ya la kulia. Ovaroli akaipaka kwa wino wa biro. Wambui alipomwona yule mtu wa mti akamwita Baba Mdogo, na jina likashika.

Baba Mdogo hakuingia. Tulimjaribu wima, kofia ikagonga paa. Tulimlaza, akawa maiti. Nilimwambia Baba achonge mwingine mfupi zaidi, na akaniangalia kama nimemtusi. Yeye si mfupi hivyo, akasema. Kipimo ni kipimo. Alijaribu mara ya mwisho, taratibu, akimsukuma kwa kidole gumba, na ule mchezo ukamtoka usoni nikiona kabisa unavyotoka.

"Hata hiki, Nekesa," akasema, "hakina nafasi yangu."

Kisha akamgeukia Mama, akamwambia kwa upole kwamba wamemuuzia uongo. Waliounda kitu hiki hawajui treni wala hawajui watu. Mama akaisimamisha cherehani. Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga, akasema, "Sawa, Baba Nekesa," na kuendelea kushona. Boksi likafungwa kamba, likapandishwa juu ya kabati, na Baba akarudi kwenye kiti chake kinachotazama mlango.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu mzima. Usiku ule, ama kesho yake, niliamini kwamba Baba Mdogo akipanda kile kichwa, na baba yangu atarudishwa kazini. Hakuna aliyenifundisha. Niliamini tu, jinsi mtoto anavyoamini kwamba akikanyaga mstari wa simenti mama yake ataumwa. Kichwa kikitoka na fundi wake, kila kitu kitarudi: ovaroli, harufu, kucha nyeusi. Kisipotoka, atakaa pale hadi mikono iwe safi kabisa, kisha sijui nini. Hiyo "sijui nini" ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Nilimweleza Wambui sehemu moja tu ya shida hiyo, kwamba Baba Mdogo ni mrefu. Alikuwa anamenya muwa kwa meno. Akatafuna, akatema, akasema, "Si umkate tu miguu. Kwani dereva akiwa ndani nani huona miguu yake?"

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wambui alikuwa na za kutosha watu wawili.

Nafasi ilikuja upesi, na niliiona ni ishara. Mama Wambui alikuwa amesikia kwamba cherehani ya mama yangu haikwaruzi tena, akamwomba Baba aje aiangalie ya kwake. Baba akaenda na sanduku lake. Mama alikuwa sokoni. Tukavuta kiti, tukashusha boksi. Nilimtoa Baba Mdogo dirishani alipoachwa, nikamshika juu ya ukingo wa meza na Wambui akamkata kwa kipande cha msumeno wa chuma, chini kidogo ya viuno. Mti ule ulikuwa umelowa mchuzi wa miaka mingi, ukanukia chakula. Miguu ikaanguka mezani, miwili pamoja, na viatu vyake vya kuchonga. Wambui akaitupa kwenye jiko kabla sijasema lolote. Maji yakimwagika hayazoleki.

Akaingia. Wima kabisa, kofia haigusi paa, mkono wake wa mti ukiwa karibu na lile dirisha lisilo na kioo.

Betri za redio zilikuwa zimeanikwa juani kwenye kizingiti cha dirisha zipate nguvu, nazo zilikuwa bado zina joto nilipozitia kwenye kisanduku. Nikalala kifudifudi, nikafumba jicho moja, nikamwambia Wambui abonyeze. Kichwa kikashtuka, kikasita, kikaenda. Nisikieni vizuri: kilienda. Kilipita chini ya meza penye giza, kikatokea upande wa pili penye jua la saa tisa lililokuwa limelala sakafuni, na ile sakafu nyekundu ikawa nchi, vumbi lake likang'aa hewani, miguu ya viti ikawa misitu. Harufu ya mafuta ya cherehani ilikuja nacho kila kilipopita puani mwangu. Na mlangoni amesimama baba yangu, ovaroli ya buluu, anatazama mbele. Sijui kilizunguka mara ngapi. Wambui naye akalala chini, akafumba jicho moja. Kilizidi kwenda polepole, polepole zaidi, hadi betri zikakata roho na kikasimama katikati ya jua.

Tukarudisha kila kitu kwenye boksi, Baba Mdogo akiwa ndani ya kichwa chake, tukafunga kamba vilevile. Baba aliporudi alikuwa na grisi mpya kwenye kidole kimoja. Baada ya siku chache aliuliza Baba Mdogo yuko wapi, nikamwambia amepotea. Hakuuliza tena.

Nikangoja karakana imwite. Haikumwita. Badala yake ikaja cherehani ya Mama Wambui mara ya pili, kisha ya dada yake, kisha ya fundi mmoja wa suti kule sokoni, na kabla ya mwezi kwisha Baba alikuwa na meza yake ndogo kando ya kibanda cha Mama, akizifungua na kuzifunga. Mikono ikawa myeusi tena. Nyumbani kukawa na vicheko. Kila mtu alisema Mungu ni mkubwa.

Mimi peke yangu nililia, maana kazi ile ilikuwa ya kuketi. Asubuhi anaketi, mchana ameketi, jioni anainuka akijishika kiuno. Msinicheke. Nilijua kabisa kilichotokea: nilimkata miguu, na amerudishiwa kazi ya mtu asiye na miguu. Hatasimama tena kwenye mlango wa treni, na kosa ni langu. Nilikua nikilibeba hilo. Nilipofika shule ya upili nilijua ni upuuzi, lakini kujua ni kitu kimoja na kuacha ni kitu kingine. Kila nilipompelekea chakula sokoni nikamkuta ameinama kwenye kile kiti chake, niliangalia kando. Boksi sikuligusa tena.

Miaka ikapita, Baba akawa mzee mwenye miwani ya kamba, na reli mpya ikatandazwa nchini. Aliniomba nimpeleke akaione. Alivaa tai. Nilimchukua hadi stesheni iliyo nje ya jiji, tukasimama pamoja na wasafiri kana kwamba nasi tuna safari, na Baba akashika chuma cha ukingo akaangalia chini kwenye reli. Aliangalia muda mrefu. Alikuwa amesikia kwamba kuna nchi zenye reli pana kuliko yetu, lakini kwa namna ile mtu anavyosikia kwamba kuna nchi zenye theluji. Akamwita kijana wa stesheni, akamuuliza upana. Kijana akamjibu kwa adabu kwamba ni mita moja na sentimita arobaini na tatu na nusu, mzee wangu, na kwamba hiki ndicho kipimo cha nchi nyingi za ng'ambo, tangu zamani.

Njia nzima Baba alikuwa amefumba macho. Nilidhani amechoka. Tulipofika Jericho tulimkuta Mama dirishani akitia vifungo kwenye shati. Baba hakuketi wala hakuvua koti.

"Lile boksi," akaniambia. "Lishushe."

Za mwizi ni arobaini. Zangu zilikuwa zaidi ya miaka ishirini. Nilishusha boksi, nikafungua kamba, kisha nikasogea hadi mlangoni, mwanamke mzima mwenye watoto wake. Baba alikitoa kichwa, akachungulia kwenye dirisha lisilo na kioo. Akamtoa yule mtu kwa ukucha. Akamgeuza, akaona pale chini palipokatwa.

"Nani amenikata?"

"Mimi, Baba," nikasema. "Nilitaka upande."

Nilitarajia mengi, lakini si alichofanya. Alienda chumbani, akarudi na ile soksi, akatoa vania. Akaandika nyuma ya bahasha, akagawanya upana wa reli ile pana kwa milimita kumi na sita na nusu, akapata themanini na saba. Kisha akagawanya kimo chake mwenyewe kwa themanini na saba, akapata sentimita mbili. Akamweka Baba Mdogo katikati ya taya za vania, akavua miwani, akaivaa tena.

"Ndicho kimo changu," akasema.

Akapima mlango, akakuta sasa mtu anapita wima. Akapima upana, akatikisa kichwa. Bomba akalisamehe, akasema limenenepa kidogo tu. Alipofika kwenye ukingo wa magurudumu akapiga hesabu mara mbili, akakuta sasa umefika sentimita kumi, na akatangaza kwamba hapo haondoi neno lake hata moja, magurudumu ni uongo mtupu, ni magurudumu ya mtu anayeanza. Lakini vingine vyote alivitukana bure. Hawakukosea waliokiunda. Yeye ndiye aliyeanzia kwenye reli isiyo ya kichwa hiki. Akamgeukia Mama, akamwambia hayo yote tena, polepole, kwamba siku ile alimwambia ameuziwa uongo na haikuwa kweli, na kwamba anaomba radhi.

Mama akauvuta uzi, akaukata kwa meno.

"Vilikuwa viwili," akasema.

Baba akamuuliza viwili nini.

"Vichwa. Pale sokoni. Vilikuwa viwili, na kimoja kilikuwa kinatembea." Akaliweka shati magotini, akalikunja. "Kinachotembea ungekifanyia nini?"

Nje watoto walikuwa wanacheza bladaa, wakiruka kamba ya mpira, na mtu alikuwa anamwita mwenzake dukani. Nilikumbuka ile "Aa, kumbe" yake, na mdomo uliofunguka ukafungwa. Mimi miaka yote nilidhani nimempandisha baba yangu kwenye treni kwa msumeno, kisha nikajilaumu kwa alivyoketi. Kumbe alikuwa ameshapanda siku ile alipoliburuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda, na aliyempandisha alikuwa dirishani akishona, krr, krr, tak, akatukanwa na fundi, akalaumiwa na mtoto, asimwambie yeyote.

Baba akamtazama Mama, akavua koti. Kisha akamrudisha yule mtu ndani ya kichwa, wima, akamsogeza kidogo kwa kidole hadi akasimama penye dirisha.

"Nekesa," akasema, "fundi yumo. Tafuta betri."